Hewa Inayosukumwa Chini: Fizikia ya Kuruka Kutoka Kabunde na Lichota



Ndege ya Cessna Caravan, ile yenye injini moja na rafadha moja puani, ambayo hutumika sana kubeba watalii kwenda Mara, ikishajazwa abiria, mizigo na mafuta hufikia karibu kilo 3,970. Mabawa yake mawili yana eneo la mita 26 za mraba hivi. Gawanyeni wenyewe: kila mita moja ya mraba ya bawa inabeba kilo 150 na kitu. Chini yake hakuna nguzo, juu yake hakuna kamba. Kuna hewa tu. Nataka tuone jinsi hewa hiyo inavyobeba mzigo huo. Kisha nataka kuwaonesha kwamba hewa ya kwetu ina tabia zake, na kwamba anayepanga urefu wa uwanja wa ndege wa Kabunde, Homa Bay, au wa Lichota, Migori, bila kuzijua tabia hizo anapanga gizani.

Tuanze na hewa yenyewe, kwa sababu wengi wetu huichukulia kana kwamba si kitu. Hewa ina tungamo, nalo hupimika. Hapa kwetu, mchana wa joto, mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo moja. Ukumbi wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kimo cha mita 4 una hewa ya kilo 800 ndani yake. Hatuihisi kwa sababu imetuzunguka pande zote na inatusukuma sawasawa. Lakini ukiisogeza kwa haraka, nayo itakusukuma wewe. Hiyo ndiyo siri ya kuruka, na Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687, zaidi ya miaka 200 kabla ya ndugu wawili wa Wright kurusha ndege yao ya injini tarehe 17 Desemba 1903. Mruko wao wa kwanza ulidumu sekunde 12.

Ndege iliyo angani hutawaliwa na kani nne. Uzito huivuta chini; kwa Caravan yetu ni karibu nyutoni 39,000. Kani ya kuinua huishika juu. Msukumo wa injini huipeleka mbele, na ukinzani wa hewa huirudisha nyuma. Haya yapo katika kila kitabu cha shule na sitayakawilia. Jambo ambalo vitabu hulipita upesi ni hili: ndege inayokwenda Nairobi kwa kasi ile ile na kwa kimo kile kile haina kani ya ziada hata nyutoni moja. Zile nne zimefutana kabisa. Mwanafunzi anayedhani kwamba msukumo lazima uzidi ukinzani ili ndege iendelee kwenda bado hajaisoma sheria ya kwanza ya Newton kwa moyo. Msukumo ukizidi, ndege itaongeza kasi. Ukilingana na ukinzani, ndege itaendelea na kasi iliyo nayo.

Liko na la pili, linalowashangaza hata walimu. Ndege inapopanda kwa mwendo thabiti, kani ya kuinua huwa pungufu kidogo kuliko uzito. Naam, pungufu. Pua imeelekea juu, kwa hiyo sehemu ya msukumo wa injini nayo imeelekea juu, na inabeba sehemu ya mzigo. Anayelipa gharama ya kupanda ni injini. Ndiyo maana injini ikizimika mara tu baada ya ndege kuacha ardhi, rubani aliyefunzwa vizuri huishusha pua papo hapo, ingawa ardhi iko karibu na silika yake ya mwili inamwambia avute juu. Kimo alichonacho ndicho akiba pekee iliyobaki ya kununulia kasi, na pasipo kasi bawa halibebi kitu.

Sasa tufike kwenye bawa, na hapa naomba subira yenu, kwa maana nitapingana na maelezo ambayo wengi wetu tulifundishwa na ambayo bado yanafundishwa. Katika mada ya mtiririko wa viowevu mwanafunzi huchorewa bawa lililobinuka juu na kunyooka chini. Huambiwa kwamba hewa ya juu ina safari ndefu kuliko ya chini, na kwa kuwa lazima zikutane tena nyuma ya bawa kwa wakati mmoja, ile ya juu inalazimika kwenda mbio. Kisha huletewa kanuni ya Daniel Bernoulli ya mwaka 1738: penye mwendo wa kasi shinikizo hupungua, basi bawa linanyonywa juu.

Kanuni ya Bernoulli ni ya kweli. Hewa ya juu kweli huenda kwa kasi zaidi, na shinikizo juu ya bawa kweli hupungua. Kosa liko katika ile sababu iliyotolewa. Hakuna sheria yoyote ya maumbile inayoilazimisha hewa ya juu kukutana tena na ya chini. Watafiti wamepuliza moshi kwa vipindi ndani ya mahandaki ya upepo na kuutazama ukipita bawa: moshi wa juu hufika nyuma mapema kuliko wa chini, wala haumsubiri mwenzake. Tena, ndege za maonyesho huruka zikiwa zimepinduka, mgongo chini, na ndege ya karatasi anayoikunja mtoto darasani ina mabawa bapa kabisa na inakwenda. Kama mbinuko wa juu ndio siri yote, ndege iliyopinduka ingevutwa ardhini.

Bawa hufanya kazi kwa kuigeuza hewa. Linakutana na hewa likiwa limeinama kidogo, ukingo wa mbele juu na wa nyuma chini, na hewa inayopita juu yake na chini yake yote inaondoka ikiwa imeelekea chini kuliko ilivyokuja. Bawa limeisukuma hewa chini. Hewa imelisukuma bawa juu. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton. Tofauti ya shinikizo anayoizungumzia Bernoulli ndiyo njia ambayo msukumo huo unafika kwenye ngozi ya bawa. Ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili, na mwalimu anayewagombanisha Newton na Bernoulli anawapotezea wanafunzi wake muda.

Hebu tulipime. Chukueni Caravan ileile ikienda mita 80 kwa sekunde, yaani kama kilomita 290 kwa saa. Ncha moja ya bawa hadi nyingine ni karibu mita 16. Kwa makadirio yanayokubalika, mabawa hayo huathiri hewa iliyo katika duara lenye upana wa kiasi hicho. Kila sekunde, kwa hewa ya kilo moja kwa mita ya ujazo, ndege inakutana na karibu tani 16 za hewa. Ili kupata nyutoni 39,000 lazima hewa hiyo yote itupwe chini kwa mwendo wa kama mita mbili na nusu kwa sekunde. Tani 16 kila sekunde, bila kupumzika, kutoka hapa hadi uwanja wa Wilson, Nairobi. Nikiitazama ndege ndogo ikipita juu ya ziwa siku tulivu, hesabu hiyo hunijia kila mara, na sioni kitu chepesi tena.

Mkitaka kuiona hewa hiyo kwa macho, kumbukeni helikopta zinazotua katika viwanja vya shule zetu nyakati za kampeni. Vumbi lote linapeperuka, makofia yanaruka, akina mama wanashika leso zao. Rafadha ya juu ya helikopta ni mabawa yanayozunguka. Tofauti yake na ndege ni kwamba helikopta inasukuma hewa ile ile ya mahali pale pale, kwa hiyo inailazimu kuisukuma kwa kasi kubwa zaidi na sisi tunaipata usoni. Ndege inaitandaza kazi hiyo juu ya kilomita nyingi, na hewa inayoshuka tunaikosa tu kwa sababu iko mbali.

Na kuna mabawa ambayo watu wa Muhuru, Karungu na Mbita wamekuwa wakiyaendesha kwa mikono muda mrefu. Tanga la mashua ni bawa lililosimama wima. Upepo ukitoka nyuma, tanga linasukumwa tu na hakuna ajabu. Lakini mvuvi anaporudi nyumbani akiukabili upepo kwa mshazari, akienda huku na huku kwa kubisha, tanga lake linaugeuza upepo kando kama bawa linavyougeuza chini, na kani inayozaliwa inalivuta tanga kuelekea upande uliobinuka. Sehemu ya kani hiyo inaipeleka mashua mbele. Sehemu inayotaka kuitupa pembeni inazuiwa na maji yanayoubana ubavu wa mashua. Nahodha anajua pia kwamba akilikaza tanga kupita kiasi, mashua inalegea ghafla na kusimama. Ndege nayo ina ugonjwa huo huo, na kwa ndege ni hatari zaidi.

Ugonjwa wenyewe hutokana na pembe. Kadiri bawa linavyoinama zaidi mbele ya hewa, ndivyo linavyoigeuza hewa zaidi na kani ya kuinua inavyokua. Lakini kuna mwisho. Kwa mabawa mengi, pembe ikifika kama nyuzi 15, hewa ya juu haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Inabanduka, inageuka vurugu na mizunguko, na kani ya kuinua inaanguka huku ukinzani ukipanda. Injini inaweza kuwa inanguruma kwa afya kamili. Kasi inaweza kuwa kubwa. Bawa limeishiwa kwa sababu ya pembe peke yake, na tiba ni moja: kuishusha pua ili hewa ishike tena. Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini na ambaye akina Wright walijifunza kutoka kwake, alifikwa na jambo hilo Agosti 1896. Alianguka kutoka angani na kufariki kesho yake.

Msiba mwingine uko karibu nasi zaidi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi na kuanguka dakika sita hivi baadaye. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kifaa kinachopima pembe ile niliyoieleza, upande wa kushoto wa pua, kilitoa kipimo cha uongo kilichosema kwamba pembe imekuwa kubwa mno. Programu ya kompyuta iliyowekwa ili kuzuia bawa lisiishiwe ikaamini, na ikaishusha pua tena na tena, marubani wakipambana nayo. Tiba sahihi ilitolewa kwa ugonjwa usiokuwepo. Ninapomfundisha kijana pembe ya bawa, siwezi kuifundisha kama mchoro tu. Pembe hiyo, ikipimwa vibaya na kifaa kimoja ambacho programu haikukilinganisha na kingine, iliingia katika nyumba nyingi za nchi hii.

Nije sasa kwenye hewa yetu sisi.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mahali Homa Bay au Migori palipo chini ya hapo, na nchi inapanda kadiri unavyoliacha ziwa. Kwa hesabu zetu za leo tuchukue mahali palipo mita 1,300. Joto liwe nyuzi 30 za selsiasi, mchana wa kawaida wa kiangazi. Hewa ya hapo ina kilo 1.00 katika mita ya ujazo. Mombasa, kwa joto lile lile, ina kilo 1.16. Yaani hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 14, kwa sababu safu ya hewa iliyobaki juu yetu ni ndogo na haiikandamizi ya chini kwa nguvu ile ya pwani.

Upungufu huo unafanya nini? Kani ya kuinua hutegemea msongamano wa hewa na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Hewa ikipungua, kasi lazima ifidie. Ndege ile ile, kwa uzito ule ule, italazimika kukimbia kama asilimia 8 haraka zaidi hapa kuliko Mombasa kabla haijaacha ardhi. Asilimia 8 yaonekana ndogo. Lakini umbali wa kukimbia nao unategemea kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo mita 1,000 za Mombasa zinakuwa karibu mita 1,170 hapa, kabla hatujaigusa injini. Na injini nayo inapumua. Injini ndogo ya pistoni inayovuta hewa bila kifaa cha kuishindilia hupoteza nguvu karibu kwa kiwango kile kile hewa ilivyopungua, na rafadha nayo ina hewa kidogo ya kukamata. Mchapuko ukipungua kwa kiwango hicho, zile mita 1,170 zinakuwa kama mita 1,370. Injini za tabo (turbine) za Caravan zina akiba ya nguvu inayozibeba mpaka kimo fulani, kwa hiyo huadhibiwa kidogo kuliko zile za pistoni. Bawa halina akiba hiyo. Bawa ni lile lile Mombasa na Migori.

Na hii si hesabu ya ubaoni pekee. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko mita 1,624 juu ya bahari na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 4,117. Njia kuu ya Mombasa, inayopokea ndege kubwa za kutoka Ulaya, ina mita 3,350. Kisumu, mita 1,157 juu ya bahari, ilirefushiwa njia yake hadi mita 3,300. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Boeing 787-8 yenye uwezo wa kuondoka na karibu tani 228 ilikuwa na bahari nzima ya kuvuka na mafuta mengi ya kubeba kutoka uwanjani. Safari hiyo hupangwa kuondoka usiku. Ratiba za abiria zina sehemu yake katika uamuzi kama huo, lakini hewa baridi ya usiku wa Nairobi humpa rubani pumzi ambayo jua la saa nane mchana lingemnyima. Mwaka 1959, wanafunzi 81 wa kwanza wa mpango wa mwanasiasa Tom Mboya walipoondoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, hewa iliyowainua ilikuwa nyembamba vivyo hivyo. Mboya amezikwa katika kisiwa cha Rusinga, na kila ndege inayotua kisiwani humo inalipa ushuru huo huo wa kimo.

Kuna jambo la hila hapa ambalo ningependa wanafunzi walishike. Saa ya kasi iliyo mbele ya rubani hupima kasi kwa kuhisi shinikizo la hewa inayokuja. Hewa nyembamba hulidanganya bawa na huidanganya saa kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo rubani anayeondoka Lichota huona kwenye saa yake namba ile ile aliyoiona Mombasa wakati wa kuinua pua. Saa hiyo haimwambii kwamba magurudumu yanakwenda haraka zaidi. Linalomwambia ni mwisho wa uwanja, unaomjia upesi kuliko alivyozoea. Rubani mgeni katika nyanda za juu anaweza kufanya kila kitu kama alivyofunzwa pwani na bado akakosa mita.

Joto nalo ni sehemu ya kimo. Mahali palepale pa mita 1,300, saa moja asubuhi joto likiwa nyuzi 18, hewa ina kilo 1.04. Ikifika nyuzi 30 imerudi kwenye 1.00. Asilimia 4 zimeondoka, na kwa Caravan iliyojaa, asilimia 4 ni kama kilo 160: abiria wawili, kila mmoja na begi lake. Abiria huuliza kwa nini ndege ya asubuhi ilichukua mizigo yote na ya alasiri ikaacha samaki wa mtu uwanjani. Rubani hakuwa na ubaguzi. Alifungua jedwali lake, akasoma joto, akatoa kilo.

Asubuhi ina neema nyingine. Jua likishapanda, ardhi iliyolimwa, mabati ya mji na miamba ya kilima cha Got Asego hupata joto kuliko maji na miti, na hewa iliyo juu yake huanza kupanda kwa nguzo. Kongoti wanazijua nguzo hizo vizuri. Ndege huyo ni mzito, wengine hufika kilo 9, na kupiga mabawa kunamgharimu sana, kwa hiyo hungoja mpaka saa nne au saa tano, kisha hutandaza mabawa na kuzunguka bila kupiga hata mara moja, hewa ikimpandisha hadi awe nukta. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoitikisa ndege ya abiria alasiri. Bawa likiingia ghafla katika hewa inayopanda, pembe yake inakua na abiria wanakandamizwa vitini. Likitoka, wanahisi matumbo yamebaki juu. Mtikisiko wa namna hiyo kwa kawaida si hatari. Kukutana na kongoti mwenyewe ni hatari: ndege ikienda mita 70 kwa sekunde, kilo 9 za nyama na mfupa hubeba nishati ya juli 22,000. Kongoti hufuata matumbo ya samaki na takataka. Jalala lisilofunikwa karibu na uwanja wa ndege ni suala la usalama wa anga kama ilivyo taa na uzio.

Kisha kuna ziwa. Mchana, ardhi ikiwa na joto kuliko maji, hewa hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka, na hewa inayotoka pande zote za nchi hukutana katikati ya ziwa na kupanda. Ndiyo maana mawingu ya radi ya Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na ndiyo maana wavuvi wa omena huuogopa usiku fulani na kuuamini mwingine. Kwa rubani, maana yake ni kwamba upepo wa uwanja ulio karibu na ziwa unaweza kugeuka kabisa kati ya asubuhi na alasiri.

Na athari ya upepo, wakati wa kutua, ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme ndege inahitaji mita 40 kwa sekunde ya hewa ili bawa lake libebe. Ikitua ikiukabili upepo wa mita 5 kwa sekunde, inagusa ardhi kwa mita 35. Ikitua upepo huo ukiwa mgongoni, inagusa kwa mita 45. Hewa haijabadilika, bawa halijabadilika. Lakini breki zinapigana na nishati, na nishati hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukilinganisha na siku isiyo na upepo, wa kwanza ana asilimia 77 ya nishati ya kumaliza, wa pili ana asilimia 127. Ongezeni mvua juu ya lami, au matope juu ya murram, ambapo gurudumu halishiki. Tofauti kati ya kusimama katikati ya uwanja na kutoka nje ya uwanja inaweza kuwa kile kitambaa cha kuonesha upepo kilichoning'inizwa kwenye mlingoti, kama kipo na kama hakijachanika.

Radi inapoleta hewa inayoporomoka, mambo huwa mazito zaidi. Hewa baridi inashuka kutoka wingu, inagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Ndege inayoingia hapo hukutana kwanza na upepo wa mbele na kupanda; sekunde chache baadaye upepo umekuwa wa nyuma na kasi ya hewa juu ya bawa imeporomoka, karibu na ardhi, pasipo akiba ya kimo. Tarehe 6 Novemba 2022, ng'ambo ya ziwa hili, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka majini ikijaribu kutua Bukoba, Tanzania, katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, na 19 walikufa. Wavuvi ndio waliofika kwanza, kwa mitumbwi yao. Nawataja hapa kwa sababu viwanja vya ukingo wa ziwa huhitaji boti za uokoaji zilizo tayari kama vile huhitaji gari la zimamoto.

Kabla ya viwanja hivi, ziwa lenyewe lilikuwa uwanja. Katika miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilitua Kisumu katika safari zake kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika. Ndege ya namna hiyo ina mzigo wa ziada wa fizikia: maji hukinza mara nyingi zaidi kuliko hewa, na lazima ijipandishe juu ya uso wa maji kabla haijaweza kuchukua kasi. Maji yakiwa shwari kabisa huung'ang'ania mwili wa ndege. Marubani wa ndege za majini mpaka leo hupenda viwimbi vidogo vinavyoingiza hewa chini yake.

Mwisho nina kazi kwa wanafunzi, na naomba walimu waisimamie. Msongamano wa hewa hupatikana kwa kugawanya shinikizo, likiwa katika paskali, kwa zao la 287 na joto la kelvini, ambalo ni selsiasi ukijumlisha 273. Paskali 86,600 na nyuzi 30 zitawapa 0.996, jaribuni. Baadhi ya simu zina kipima-shinikizo ndani yake, na kipimajoto kinachowekwa kivulini, penye hewa inayopita, hakina gharama kubwa. Pimeni saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri, kila siku, shule moja karibu na Kabunde na nyingine karibu na Lichota. Andikeni pia upepo unatoka wapi. Daftari la mwaka mzima litamwonesha mhandisi ni siku ngapi ndege ya uzito fulani ingelazimika kuacha mzigo katika uwanja wa urefu uliopo, na ni mita ngapi za lami zingeuokoa mzigo huo. Kaunti ikija kujadili kurefusha viwanja hivi, nendeni na daftari hilo kwenye mkutano.